Kiriba cha Majeruhi

Wametupokeza waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa nchi za jangwani palikuwa na ada isiyovunjwa. Mtu akiteuliwa kuwa amirijeshi mkuu hakabidhiwi bendera mpaka asimame uani mwa msikiti baada ya sala ya Ijumaa, kichwa wazi, miguu mitupu, awaulize watu: "Nani ana haki yake shingoni mwangu?" Akidai hata mjakazi, bendera hungoja. Ada njema, wallahi. Ingalikuwapo leo, wakubwa wengi wangeyakimbia madaraka wenyewe.

Siku hiyo aliyesimama uani alikuwa Wathiki bin Rauhi, mtu mwenye makovu mwilini na sifa njema midomoni mwa watu. Sultani alikuwa ameketi, bendera iko mapajani mwake. Wathiki akauliza swali lake kwa sauti iliyozoea kuamrisha. Watu kimya. Akauliza tena, kimya vilevile, na baadhi yao wakaanza kumshukuru Mola kwa kuwapa kiongozi asiyedaiwa na mtu.

Hapo jicho lake likamwangukia Nufeli, fundi wa matandiko ya farasi, amesimama nyuma kabisa penye viatu. Nufeli alikuwa ameinamisha macho. Wala hakuyainamisha kwa woga. Aliyainamisha ili Wathiki asitahayari. Hilo lilimchoma Wathiki kuliko mkuki wowote uliopata kumgusa.

Maana wawili hawa katika ujana wao walikuwa askari wa kikosi kimoja. Jeshi likirejea kutoka vitani lilikuta visima vyote vimefukiwa na adui. Maji yaliyosalia yakatiwa katika kiriba kimoja cha ngozi ya mbuzi, na amri ikatoka kwamba hayo ni ya majeruhi, mzima asiyaguse. Wathiki na Nufeli wakawekwa kuyalinda. Jua la utosi lilipowaka, Nufeli akaenda kuwafunika majeruhi nguo wasiungue. Huku nyuma Wathiki akaifungua kamba ya kiriba. Alikusudia funda moja tu. Ndugu zangu, nani kati yetu asiyelijua hilo funda moja tu? Alipozindukana, kiriba kilikuwa kimelegea mikononi mwake.

Alasiri majeruhi mmoja akaomba maji, yasiwepo, akafa anauramba mkono wake mwenyewe. Walinzi wakahojiwa. Wathiki akatangulia kusema kwamba yeye alikuwa akiswali, kiriba alimwachia mwenzake. Subhanallah, mtu anajificha nyuma ya sala! Nufeli alipoulizwa hakujibu neno. Akanyang'anywa upanga, akafukuzwa jeshini, na tangu hapo jina lake mjini likawa Mnywa Maji ya Majeruhi. Hapana aliyekubali kikombe cha maji nyumbani kwake. Mgeni akikaribishwa, husema hana kiu. Wathiki naye akapanda cheo juu ya cheo, na kila alipoukaribia mtaa ule aligeuza farasi akapita njia nyingine.

Basi turudi uani. Sultani akainuka na kuinyoosha bendera. Wathiki akaiinua mikono kuipokea, mikono ikagoma. Alijua fika kwamba akinyamaza, majeshi yote ya nchi ni yake. Na akisema, hana uso tena mbele ya askari hata mmoja. Akamtazama tena yule aliyeinamisha macho kwa ajili yake. Alipofungua kinywa, sauti ile ya kuamrisha ilikuwa imekwisha.

"Yupo mwenye haki," akasema, "ila ana haya kuliko mimi. Maji ya majeruhi niliyanywa mimi. Sikuwa nikiswali."

Katika safu ya mbele askari mmoja mzee akasema taratibu inna lillahi, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Wathiki alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi haimmezi mtu kwa kutaka kwake. Akapita katikati ya watu, nao wakimpisha kama anayenuka, mpaka penye viatu. Akapiga magoti mbele ya Nufeli, akamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote ile.

"Nilikuona," Nufeli akasema. "Ulikuwa ukinywa huku unalia. Nikasema moyoni, huyu atatubu kabla jua halijachwa, nikaona haya kukutangulia. Nikakungoja. Jua limechwa mara nyingi, ewe Wathiki."

Wathiki akalia hadi ndevu zikalowa. Sultani alimpenda, akatafuta njia ya kumsitiri. Akasema hayo yalikuwa makosa ya ujana, na toba yake imeshaonekana na kila mtu. Nufeli amsamehe, bendera ipokewe, watu waende makwao. Wote wakamgeukia Nufeli.

"Yangu nimemsamehe zamani," akasema. "Lakini maji hayakuwa yangu."

Wathiki akafahamu. Akamgeukia Sultani, akasema: "Ewe bwana wetu, nilikabidhiwa kiriba kimoja cha watu wasioweza kusimama, nikakinywa. Leo wanikabidhi roho za jeshi zima? Mpe mwingine." Bendera ikabaki mikononi mwa Sultani, na Wathiki akaenda kutafuta viatu vyake.

Inasemekana Nufeli alirudishiwa upanga wake palepale, na jioni ile nyumba yake ikajaa wageni, kila mmoja akidai ana kiu. Mtungi ukakauka, ikambidi aende kwa jirani kuazima maji huku anacheka na kujipangusa machozi. Wathiki alirudi vitani, lakini kama mchukuzi wa maji ya majeruhi. Hakuwa akionja tone mpaka wa mwisho wao anywe. Na mtu akimwita amiri kwa mazoea, aliinamisha kichwa akaendelea kumimina.

Sisi kila siku twamwomba Mola atusitiri aibu zetu, na ni dua njema. Lakini jichunguze, ndugu yangu. Huenda nguo iliyokusitiri ni ya mwenzako, naye yuko nje na baridi, anakungoja. Mrudishie kabla jua halijachwa.