Gari Lililoitwa Radi

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Mtu aliye gizani huona kisiki akadhani fisi, huona kamba akadhani nyoka. Na hata yule anayejigamba kwamba anaona, mara nyingi naye anapapasa tu. Germana wa Karatu aliijua methali hii tangu utotoni, lakini aliielewa ukubwani, tena kwa sababu ya gari.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya vita vya Kagera, petroli ikawa adimu kama maziwa ya kuku. Gari la wagonjwa la misheni lilikaa bandani hata kuku wakataga ndani yake. Katika hali hiyo, Lusia, binti pekee wa Germana, aliyeolewa upande wa Endabash, alishikwa na uchungu wa uzazi. Alipakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na mtoto akafia njiani. Sasa Lusia alikuwa mjamzito tena, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Germana hakutulia. Akiketi anainuka, akipika anaunguza, akisali anapotea katikati ya Salamu Maria.

Tumaini lake lilikuwa moja tu. Bruda Clemensi, fundi wa misheni, aliing'oa injini ya gari lile akaweka mota na betri nyingi, ambazo zilichajiwa kwa mtambo uliozungushwa na maji ya mto. Gari likaenda bila petroli, bila moshi wala mngurumo. Watu wakaliita gari la umeme, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Wengi wa watu wale hawakuwa na hata taa moja ya umeme nyumbani. Umeme walioujua wao ni ule unaopasua mawingu wakati wa masika na kuua ng'ombe malishoni.

"Lile linaita radi," walisema kwenye foleni ya mashine ya kusaga.

"Mbona halina sauti? Ni la mumiani, linanyemelea damu za watu."

"Mjamzito akilipanda, mimba inaungua!"

Germana alipandwa na hasira. "Wajinga ninyi!" alifoka. "Kaeni na mikokoteni yenu iwazike!"

Maneno hayo hayakumwongoa mtu. Yaliwatia watu ukaidi. Tena yalifika mpaka kwa mzee Qamara, baba yake Martini, mume wa Lusia. Zamani, Qamara alimwona kaka yake akipigwa na radi wakichunga pamoja, na tangu hapo wingu jeusi lilimtoa jasho. "Hakuna mtu wa nyumba yangu atakayepanda radi," aliapa.

Germana akajutia ulimi wake. Aliacha kugomba, akaanza kuongea. Alipopukuchua mahindi na jirani yake Blandina, alimwacha aulize.

"Na likichoka njiani, mama Lusia?"

"Linachoka, sikufichi. Halifiki Arusha. Lakini Endabash na kurudi linaweza."

Nanyokie, aliyeleta maziwa kutoka Nainokanoka, alitaka kujua gari hilo linakula nini. Alipoambiwa kwamba nguvu yake inatoka mtoni, alicheka sana. "Basi halili, linakunywa! Kiangazi mtalinywesha wapi?" Germana naye akacheka, akakiri kwamba hilo hajui.

Siku moja alimkuta mzee Qamara uani, ameanika mawe ya redio, yaani betri zake, kwenye ungo ili jua liyarudishie uhai.

"Shikamoo, Baba Martini. Hayo mawe yana nini ndani?"

"Marahaba. Yana nguvu."

"Nguvu hiyo ndiyo umeme. Redio yako unalala nayo kichwani. Imewahi kuita radi?"

Mzee aligeuza jiwe moja, akaligeuza tena. "Haya madogo," alisema. "Ndama hapigi mtu pembe. Lile la misheni ni fahali. Likinyeshewa je?"

"Halina neno."

"Umelipanda, mkwe wangu?"

Uso ulimchoma Germana kwa aibu. Hakuwa amelipanda. Kila mara Piusi, dereva wa misheni, alipomwita apande, alisingizia kwamba amezoea miguu. Ukweli ni kwamba alikuwa akiliogopa. Alitaka kumpakia mwanawe mahali ambapo yeye mwenyewe hakuthubutu kukaa.

Hakupata raha mpaka mvua ilipokusanyika tena. Siku hiyo alikwenda misheni mwenyewe akiwa ameshika rozari, akamwambia Piusi, "Nipeleke kwa mkwe wangu kabla sijabadili mawazo." Njiani alifumba macho. Alisikia kokoto chini ya matairi, akasikia mbuzi wa watu wakilia. Ngurumo ilipopiga alipiga yowe, Piusi akacheka mpaka akapunguza mwendo. Walifika uani kwa Qamara kimya kimya, hata mbwa hawakubweka. Mzee alitoka akakuta Germana anateremka mvuani, mzima. Aligusa boneti kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeonja uji wa moto, kisha akaweka kiganja chote.

"Limepoa," alisema kwa mshangao.

"Mengine siyajui, Baba Martini. Nilikuwa naliogopa kama wewe. Ila halijaniunguza."

Mzee aliingia ndani akaacha mlango wazi.

Uchungu ulimshika Lusia asubuhi moja ya mvua. Martini, mumewe, alikimbia na baiskeli kuliita gari. Lilipofika, likiwa na Germana ndani, radi zilikuwa zikipiga milimani, na mzee Qamara alisimama mlangoni akitetemeka. Germana alikwisha kuyasema maneno yote aliyokuwa nayo; akamshika Lusia mkono. Lusia aliuma kanga yake asipige kelele. Mzee akamtazama Lusia, akapita mvuani, akafungua mlango wa mbele, akawa wa kwanza kuketi.

Walikaribia mji vizuri. Kwenye mlima wa mwisho, karibu na mashine ya kusaga, magurudumu yakazunguka bure katika tope jekundu. Watu waliojikinga mvua barazani waliangalia tu.

"Tusukumeni jamani!" Piusi aliita.

Hakuna aliyejongea. Radi ilipiga. Germana alihisi mkokoteni wa mwaka ule umerudi kumchukua mjukuu mwingine. Ndipo mzee Qamara alipofungua mlango, akateremka kwenye tope, akaweka viganja vyote viwili nyuma ya gari.

"Mnaogopa nini?" alipaza sauti. "Kumbe ni gari tu! Linakwama kama mengine!"

Blandina ndiye aliyecheka kwanza. Alijifunga kanga kiunoni, akashuka barazani, na wengine wakamfuata. Walisukuma kwa mikono mitupu, mvua ikiwanyeshea, wakalipandisha mlima huku wakiimba.

Kabla jua halijazama, kilio cha mtoto kilisikika hospitalini. Germana aliketi kwenye benchi, na safari hii hakuinuka. Pembeni yake mzee Qamara alikuwa akiyatazama matope kwenye viganja vyake, kisha akasema polepole, "Mkwe wangu, kweli usilolijua ni kama usiku wa giza."