Kitambaa Kilichoanikwa Juani

Ndugu zangu, kabla hatujaendelea, nataka niwapeleke kwa fundi mmoja. Msimtafute mtaani, kwa maana nimemtunga mwenyewe. Lakini mkimkuta ndani ya nyumba zenu, msishangae.

Tuseme fundi huyu aliishi katika mji wa reli, na nyumba yake haikuwa mbali na stesheni. Kazi yake ilikuwa kusuka upya mota zilizoungua, za pampu na za mashine za kusaga. Mota ikifunguliwa, waya wa shaba wa zamani hutolewa, na kwake waya huo ulijaa kila kona.

Mama yake mzazi alikuwa amefiwa na mumewe, akaletwa mjini akae kwa mwanawe. Alikuja na furushi moja, na furushi hilo hakulifungua. Akitaka kanga, aliingiza mkono pembeni, akavuta, akakaza fundo tena. Kutwa alikaa mlangoni, ukingoni mwa kiti, kama mgonjwa anayengoja jina lake liitwe zahanati. Treni ikipiga honi, alisimama. Akikalishwa, alikaa. Honi nyingine, amesimama.

Mke wa fundi akamwambia mumewe, "Baba Shija, mama bado hajafika. Uliyempokea stesheni ni mwili tu."

Neno hilo lilimwingia. Akakumbuka kwamba kijijini mama yake alikuwa na bustani ya mboga, na kila asubuhi aliyaongoza maji kwa jembe, tuta hadi tuta, huku akiyatazama yanavyopinda. Akasema moyoni, nitamtengenezea kitu kinachotembea, macho yake yapate pa kukaa.

Akachukua ule waya. Akabana ncha moja kwenye jiriwa, akashika nyingine kwa koleo, akavuta kwa nguvu mpaka waya ukanyooka kama mstari wa rula. Akausugua kwa msasa hadi ukang'aa, kwa sababu risasi ya kulehemu haishiki penye rangi wala uchafu. Akazungusha waya kwenye kipande cha bomba kupata mapindo. Kisha akalaza nyaya mbili sambamba, kama reli, gololi ipite juu yake, akazifunga kwa vipande vya kukingama, mataruma madogo ya waya uleule. Nafasi ikizidi, gololi inapenya. Ikipungua, gololi inarushwa nje. Basi akachonga kijiti cha kupimia, na kila taruma alilipima. Mapindo aliyainamisha upande wa ndani, kama mwendesha baiskeli anavyolala akikata kona. Juu kabisa aliweka kisahani cha kuanzia, na chini akaweka kopo tupu la mafuta ya kupaka, ili gololi ikifika, ilie.

Gololi yenyewe aliitoa kwenye beringi kuukuu.

Siku ya kwanza aliiachia mbele ya mama. Ikateremka, ikazunguka, ikazunguka tena, ikaanguka katikati na kukimbilia chini ya kabati. Mama akacheka! Tangu msiba, hakuna aliyekuwa ameona meno yake.

"Inakwenda kama maji," akasema. "Ila mfereji wako umebomoka, mwanangu."

"Nitauziba, mama."

"Uzibe. Siku itakapofika kwenye kopo bila kuanguka, nitafungua furushi."

"Kweli, mama?"

"Nimewahi kukudanganya? Ukiacha ile ya panya na jino lako."

Mnaona lililokuwa limewekwa mezani? Si mchezo tena. Gololi ikifika, mama naye amefika.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mmewahi kushika kijiko cha bati kilichosahauliwa ndani ya chai ya moto? Hukugusa chai. Uligusa mkia wa kijiko, na bado vidole vikaungua. Shaba ni zaidi ya hapo. Ukilehemu kiungo kimoja, joto linatembea ndani ya waya hadi kwenye kiungo cha jirani, ulichokwisha kukimaliza, kikapoa, ukakisahau. Unachoma hapa, panaachia pale. Ndiyo maana fundi alikuwa na kitambaa. Kabla ya kushika chuma cha moto, alikilowesha, akakizungushia kile kiungo cha jirani. Joto likifika pale, linakutana na maji, linaishia hapo. Kitambaa chenyewe kilikuwa kichafu, kimeungua pembe, kinanuka moshi. Lakini kazi yote ilisimama juu yake.

Likabaki pindo la mwisho. Fundi aliamka na haraka. Hakumaliza chai. Chuma cha kulehemu alikiweka kwenye jiko la mkaa, kikaiva. Akanyoosha mkono kuchukua kitambaa. Hakipo. Akainua koleo, akapekua chini ya meza, akatikisa gunia la waya. Hakipo. Na chuma kilikuwa tayari.

Je, nyumba nzima haikuwa na kitambaa kingine? Kilikuwepo. Maji je? Ndoo ilikuwa mlangoni. Kilichokosekana ni subira. Akalehemu hivyohivyo.

Pindo jipya lilishika vizuri. Lakini la juu yake, lile lililokwisha kushika, likaanza kung'aa kama jicho lenye machozi, likaachia. Reli ikainama, mataruma yakatawanyika, kazi ya siku nyingi ikaning'inia kama utumbo.

Mkewe alikuwa ameketi mbele yake, anachagua mchele kwenye ungo.

"Nani kachukua kitambaa changu?" fundi akafoka. "Nyumba hii mtu haachi kitu mahali pake! Mtu asiyejua kazi ya humu ndani akae mbali nayo! Kwani lazima kila kitu kiguswe?"

Mwanamke akainua uso, akamtazama, akarudi kwenye mchele wake.

Nyumba yenyewe ni hizi zetu, ukuta wa kati haufiki bati. Upande wa pili wa ukuta alikuwa mama.

Fundi alipokwisha kufoka, hasira ikamtoka, akabaki na aibu kidogo. Akachana shati kuukuu, akalilowesha, akaanza upya. Safari hii hakukimbia. Akalehemu, akafunika, akapoza, akalehemu. Kisha akaweka gololi kwenye kisahani, akaiachia.

Ikateremka. Ikakata kona ya kwanza. Ikakata zile za katikati. Ikafika pindo la mwisho, ikalala upande, ikanyooka, ikaingia kwenye kopo. Ting!

"Mama!" akaita. "Mama, njoo uone! Imefika!"

Akatoka mlangoni. Kiti kitupu. Akaingia chumbani. Kitanda kimetandikwa, na pembeni pake, pale palipokuwa na furushi, pamefagiliwa.

Mkewe akaingia kutoka uani, ameshika kitambaa mkononi. Cheupe, kikavu, kimekunjwa.

"Kitambaa chako hiki," akasema. "Mama alikifua asubuhi, akakianika. Alisema kinanuka moshi, utaugua kifua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia naye anasikia? Nilinyamaza ili yaishie kwangu."

Fundi akakimbia stesheni. Akamkuta mama kwenye benchi, furushi mapajani, ameketi akiegemea kabisa, kama mtu asiye na wasiwasi wowote.

"Mama, imefika! Gololi imefika kwenye kopo!"

"Nimefurahi, baba."

"Si uliahidi utafungua furushi?"

"Nitalifungua. Nitalifungulia nyumbani."

"Mama, maneno yale sikukuambia wewe. Nilikuwa nasema na mke wangu."

Mama akamtazama kwa upole. "Mwanangu," akasema, "mimi niliishi na mama mkwe wangu hadi siku tulipomzika. Hata mara moja sikumfokea. Nilikuwa nafokea kuku."

Treni ikaingia. Mama akapanda.

Ndugu zangu, nani kati yetu haijui hiyo lugha? Kwetu mkubwa hafokewi. Mgeni hafokewi. Anafokewa mtoto, anafokewa mbwa, anafokewa kuku aliyeingia sebuleni, na aliyekusudiwa anasikia, anaelewa, anakunja mkeka wake. Tumelelewa hivyo, na wazee wetu wameifahamu lugha hiyo kabla yetu. Basi unapofoka ndani ya nyumba yenye mzee, au mjane, au mtoto wa marehemu ndugu yako anayekula kwako, unadhani unachagua nani asikie? Fundi hakumlenga mama yake. Ni kweli kabisa. Lakini joto halihitaji kulenga. Linafuata waya.

Nasi tunajitetea hivyohivyo: "Sikusema na wewe." Tunasema mezani, tunasema kwenye vikao vya ukoo, tunasema hata humu ndani, katika kamati zetu. Tunamnyoosha mmoja kwa maneno makali, tunarudi nyumbani tumeridhika kwamba pindo limeshika. Hatugeuki kutazama lililoachia juu yake. Miezi inapita, tunaulizana, "Hivi yule mama siku hizi yuko wapi? Mbona haji?"

Sisemi msikosoane. Waya usiochomwa hauungani, na nyumba isiyoonyana haisimami. Nasema loweka kitambaa kwanza. Mtazame aliye karibu. Mwenye kosa mwite pembeni. Yule anayekaa ukingoni mwa kiti kwako, mwambie mapema, kwa mdomo wako, kwamba hapa ni kwake. Usingoje chuma kiive.

Nimalizie kwa jambo moja, kwa sababu najua humu wapo ambao mtu wao ameshafunga furushi. Rudini kwenye lile benchi. Pimeni alichosema fundi pale, neno kwa neno. Alisema gololi imefika. Alimkumbusha mama ahadi yake. Alieleza kwamba hakumkusudia. Alikimbia njia nzima hadi stesheni, jasho likimtoka, na katika yote aliyosema, "nisamehe" haimo.

Leo sitawaweka sana. Treni ya mwenzako huenda bado haijaingia. Nenda.