Bihogo ni Nani?

Wahenga walisema kwamba msema pweke hakosi. Hawakuwa wakimsifu msemaji huyo. Walikuwa wakitutahadharisha naye. Anayesema bila mwenziwe kusikilizwa hashindwi kwa hoja, kwa kuwa hapana wa kumpinga. Maneno yake hunyooka kama uzi uliovutwa, hata kama yamesokotwa kwa uzushi mtupu. Katika vilima vya Masisi na misitu ya Walikale, ambako bunduki zimezoea kusema zenyewe na kujijibu zenyewe, methali hii haikai vitabuni. Hukaa korokoroni.

Nizeyimana alikuwa mfugaji kijana wa Kitshanga. Mapigano yalipoyakaribia malisho yao, aliwakusanya ng'ombe wachache waliosalia katika familia, akawaswaga kuelekea magharibi hadi Kibua, kijiji cha wakulima. Huko Papa Sebarenzi, rafiki wa marehemu baba yake, alikuwa na kipande cha nyasi mlimani. Walipokwisha kuvuka mto, Nizeyimana alitafuta mahali penye mtandao, akampigia simu dada yake, Uwamariya, aliyebaki Kitshanga akiuza maziwa.

"Dada, tuliza roho. Bihogo njo alitangulia kuvuka muto. Benzake balimufuata bote. Sasa tutabaficha kule juu kwa Papa Sebarenzi, watu ya bunduki basibaone."

Wafugaji wa nyanda hizo huwapa ng'ombe wao majina, na mwenye wekundu uliokolea huitwa Bihogo. Jambo hilo Uwamariya hakuhitaji kuelezwa. Lakini karibu na Nizeyimana alisimama askari mgeni, akinunua vocha ya simu. Yeye alisikia jina, mto, maficho na bunduki. Jua halijatua, kijana alikuwa amefungwa kamba mbele ya Kapiteni Pierre, mkuu wa kituo cha jeshi cha Kibua, aliyeletwa kutoka upande wa pili wa nchi.

"Bihogo iko nani?"

"Iko ng'ombe, Kapiteni."

"Ng'ombe!" Kapiteni aliwageukia askari wake. "Eti ng'ombe inavukisha benzake muto! Na wewe je, iko ndama?"

Askari waliangua kicheko. Kisha kicheko kikakatika ghafla, na fimbo zikaanza.

Ukweli wa Nizeyimana ulionekana dhihaka, na kila aliporudia kuusema, mapigo yalizidi. Katiba ya nchi hutaka mshukiwa aachiliwe au afikishwe mbele ya sheria ndani ya saa arobaini na nane. Pale kituoni iligeuka kengele inayolia katika kijiji kilichohamwa. Siku zilifuatana. Mwishowe maji yalimfika shingoni. Alikubali: naam, Bihogo ni mkubwa wake, kamanda wa waasi. Walipomtaka aeleze sura yake, hakuwa na mkubwa yeyote wa kumweleza. Akamweleza yule aliyemjua.

Habari zilipomfikia, Uwamariya alipanda pikipiki hadi Kibua na chupa ya maziwa mkononi. Walinzi hawakumruhusu kumwona ndugu yake. Waliichukua chupa, wakairudisha tupu.

"Amemaliza yote, dada," alisema mmoja wao huku akijifuta midomo. "Kesho lete tena, iko tamu."

Uwamariya hakulala wala hakuketi. Alizunguka kile kituo kama kuku aliyenyang'anywa vifaranga, akimsihi kila mpita njia, hadi aliposikia kwamba mahakama inayosafiri itakaa katika ukumbi wa kanisa. Wakili mmoja kijana aliyefuatana nayo, Thacienne, alikubali kumtetea Nizeyimana. Alipewa faili asubuhi ileile ya kesi. Nje lori lilinguruma, tayari kuwapeleka watakaohukumiwa kwenye gereza la mbali kabla mvua haijaikata barabara. Kila aliyekuwa ukumbini alikuwa akiangalia mawingu.

Kapiteni aliyasoma maungamo kwa sauti ya ushindi. "'Bihogo ana kifua kipana na alama nyeupe usoni. Hutangulia, na wenzake humfuata. Hapendi mvua. Akikasirika, hupiga teke.'"

Mzee mmoja alicheka nyuma ya ukumbi. Alikuwa Papa Sebarenzi.

Jaji, mama wa makamo mwenye uso mkavu, aliinua macho. "Papa, unacheka nini?"

"Unisamehe, Mama Jaji. Huyo Bihogo alinipiga teke juzi. Mpaka leo ninachechemea."

Ukumbi mzima uliripuka kwa kicheko. Kapiteni hakucheka. "Munasikia? Amekiri kwamba anamuficha! Naye afungwe!" Kicheko kikafa papo hapo. Mzee akashika benchi kwa mikono miwili.

Wakili Thacienne alisimama. "Mheshimiwa, mpaka sasa amesema mtu mmoja tu. Naomba mahakama ipande malishoni, imwone huyo Bihogo kwa macho yake."

"Malisho iko mbali?" Jaji aliuliza.

"Hapa nyuma ya kanisa tu, Mama," Papa Sebarenzi alijibu kwa sauti ndogo.

Jaji aliyatazama mawingu, akalitazama lori, kisha akasimama.

Ng'ombe walikuwa wametawanyika mteremkoni. Kapiteni alimsukuma Nizeyimana mbele. "Ita! Kama iko ng'ombe yako, itakuja."

"Unamwita namna gani?" Jaji aliuliza.

"Kwa mluzi, Mama."

Nizeyimana alikaza midomo, akavuta pumzi, akapuliza. Ilitoka hewa tupu, kama tairi lililotobolewa. Alipuliza tena. Hakuna ng'ombe aliyeinua kichwa.

"Munaona!" Kapiteni alipiga makofi. "Haimujue kabisa! Muongo!"

Uwamariya hakuweza kuvumilia. Kwa kawaida mluzi wa ndugu yake ulivuka mabonde mawili. Alijitokeza ili amwite ng'ombe yeye mwenyewe, lakini Jaji aliinua mkono.

"Ngoja, dada." Alimsogelea mshtakiwa. "Kwa nini huwezi kupiga mluzi?"

Nizeyimana alizitazama buti za Kapiteni.

"Jibu, kaka," Thacienne alimwambia taratibu. "Hapa hauko peke yako."

Kijana akafungua kinywa. Meno ya mbele hayakuwapo, na ufizi ulikuwa umevimba na kupasuka.

"Balivunja siku nilisema Bihogo iko ng'ombe."

"Aliteleza, akaanguka ndani ya kasho, mule korokoroni!" Kapiteni alidakia.

"Nani alimwona akianguka?"

Kapiteni aliwageukia askari wake. Wote walikuwa wakitazama chini.

"Mama Jaji," Uwamariya aliomba, machozi yakimlengalenga, "niruhusu nimuite Bihogo. Atakuja, utaona."

"Usimwite. Simhitaji tena," Jaji alisema. "Hata kama Bihogo angekuwa jenerali mwenye jeshi, maneno yaliyotolewa kinywani kwa kuvunja meno si ushahidi. Mahakama inayatupa, na hakuna kingine kilicholetwa mbele yangu. Mfungueni. Nawe Kapiteni, utajibu kwa yale yaliyotendeka kituoni mwako."

Kamba ilifunguliwa. Uwamariya alimkumbatia ndugu yake, kisha akalegeza mikono, kwa maana hata kukumbatiwa kulimuuma.

Mvua ilianza kunyesha walipokuwa wakishuka. Walipopita mbele ya kituo, vidole vilijitokeza katika ufa wa mlango wa korokoro.

"Mama Jaji! Na miye? Miye pia sijaulizwa kitu!"

Dereva wa lori lililokuwa likingoja alikuwa ameshika usukani. Jaji alimwamuru azime lori.

"Huyo ni mwizi tu," Kapiteni alisema upesi. "Jambo lake liko wazi kabisa."

"Nani aliyesema?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

Jaji akanyoosha mkono, akadai ufunguo. Walisimama pale, mvua ikiwalowesha wote sawasawa, mbele ya mlango ambao haujafunguliwa, na hapakuwa na aliyehitaji tena kufafanuliwa maana ya ile methali: msema pweke hakosi, mpaka siku mwenziwe anapopewa nafasi ya kusema.