Kopo la Maganda Mabovu

Mtu mmoja alikuwa na bunduki, naye alikuwa mlinzi wa mashamba ya kijiji chake. Jina lake Kastori. Kijiji kilipakana na msitu, na kila mahindi yalipoanza kukomaa nguruwe pori walishuka kana kwamba wamealikwa. Serikali ilimpa kibali cha bunduki, na kwa kuwa risasi mpya zilikuwa adimu, ilimruhusu pia kuyajaza upya maganda ya shaba ya risasi zilizokwisha kupigwa.

Kazi hiyo aliijua, tena aliipenda. Kila alipofyatua aliinama palepale akaokota ganda lake. Nyumbani alilifuta, akautazama mdomo wake kama umepasuka, kisha akapitisha ndani waya mwembamba uliokunjwa ncha. Waya ukiteleza mpaka chini, ganda ni zima. Ukikwama juu kidogo ya kitako, shaba imeanza kulika kwa ndani, hata kama nje inang'aa kama pete ya arusi. Maganda mazima aliyatia katika kopo la bati lenye mfuniko, akaliweka mahali pakavu. Katika mfuko wa ngozi hakuyatia kamwe, maana ngozi huipandisha shaba kutu ya kijani.

Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu. Lakini ganda bovu nalo lina sheria yake: hupondwa kwa nyundo papo hapo, lisije likatamaniwa tena. Hapo ndipo Kastori alipokuwa dhaifu. Aliligeuzageuza ganda, akaliona lilivyo zuri, akaingiwa na uchungu. Akatafuta kopo la pili, akayatia humo mabovu yote, akaliweka kwenye rafu ileile. Mkewe Skola alipomwuliza ya nini, alijibu kwamba ameshayakataa, yapo tu. Na maskini, yeye mwenyewe aliyaamini maneno yake.

Ukaja mwaka ambao nguruwe walifurika. Maganda mengi yakapotelea katika majani marefu, na kopo la kwanza likawa tupu. Asubuhi moja Damiani, mdogo wake, akaja mbio: dume kubwa la nguruwe limejificha katika mahindi yake, na wanawake wanaogopa kupita kwenda kisimani. Kastori akalitazama kopo la pili. Roho ikamsuta, akainyamazisha. Mara hii moja tu, alijiambia. Akatoa maganda mawili, akayajaza.

Damiani aliingia katika mahindi kumkurupusha mnyama. Mkononi hakuwa na kitu ila fimbo, kwa sababu kaka yake alikuwa nyuma yake na bunduki. Dume likatoka. Kastori akafyatua, akalijeruhi tu. Ganda likakatika: kitako kikatoka, kipande kilichobaki kikang'ang'ania ndani ya bunduki, na risasi ya pili ikakataa kuingia. Akaisukuma, akaisukuma tena kwa nguvu zake zote. Mbele ya macho yake mnyama akageuka, akampasua Damiani paja.

Majirani walifika na mikuki, wakalimaliza lile dume. Damiani alipona, ila mguu ule haukukunjika tena. Kastori alikwenda kumwona hospitali akiwa amejipangia maneno mengi njiani: bunduki imezeeka, bahati ilikuwa mbaya, mnyama alikuwa mkali. Hakupata nafasi ya kuyasema.

"Kaka," Damiani alimwuliza, "ulijua kwamba lile ganda ni bovu?"

Alijua. Akakiri kwamba alijua, akalia mbele ya wagonjwa wengine, mtu mzima mwenye heshima zake.

Alirudi nyumbani moja kwa moja. Hakuketi, chakula hakukigusa. Alilishusha lile kopo, akalimwaga juu ya jiwe uani, akashika nyundo. Majirani walimsihi abakize angalau machache, kwani msimu ulikuwa haujaisha. Yeye akaponda mpaka shaba yote ikawa bapa. Kisha akaingia katika majani marefu akatafuta yale yaliyopotea, akayapitishia waya moja moja, na kila alilolitilia shaka akaliponda pia, bila kulitazama mara mbili. Alibaki na maganda machache sana. Kwa hayo machache na debe la kupiga kelele alilinda mashamba mpaka mavuno, la Damiani kwanza. Mahindi mengine yaliliwa, na watu wakanung'unika waziwazi. Hakurudi nyuma.

Basi wewe uliyekwisha kulikataa jambo lako mbele za watu, na bado umelitunza karibu na mkono wako: siku utakapolirudia mara moja tu, ni ndugu yako yupi atakayekuwa ameingia katika mahindi?