Nywele za Shomari

Sogeeni karibu, na anayejua kuhukumu asikae nyuma, maana hili mimi limenishinda.

Walikuwa wanafunzi watatu wa maabara, wakijifunza kutumia mashine ya kupima madini. Mwajabu alikuwa na mikono safi; chombo alichokiosha yeye hakikubaki na chembe ya vumbi. Zakayo alijua kutengeneza kilichoharibika. Hidaya alijua kusoma majibu, na zaidi ya hapo, kuyatilia shaka.

Mtaani kwa Mwajabu watoto walishikwa na degedege wakafa. Shomari, mwanawe, alikuwa wa kwanza. Mwajabu alishuku kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu, kwamba kinawapa sumu ya madini ya risasi. Lakini wazazi walikataa kutoa hata unywele mmoja ukapimwe. Nywele za mtoto hazikabidhiwi mtu ovyo. Basi akaleta za Shomari, alizomnyoa mara ya mwisho. Hakuwa na kingine cha kumkumbukia.

Akaziosha, akayeyusha nusu yake kwenye asidi. Aliziona zikipotea, machozi yakamtoka, lakini hakumwaga hata tone.

Mashine ikagoma. Zakayo akaifungua, akazibua kijibomba cha kunyonyea, akahangaika nayo kutwa nzima bila kula, hadi mwali wake wa kupimia ukatulia.

Majibu yakatoka: risasi tele! Zakayo akapiga makofi. Hidaya yeye akapima maji matupu waliyochanganyia ile asidi.

"Dada Mwajabu, nisamehe. Maji yenyewe yana risasi. Hatuwezi kuyaamini majibu haya. Turudie."

"Nusu iliyobaki niliiweka iwe yangu, Hidaya."

"Najua, dada."

Mwajabu akaileta.

Safari hii maji yalikuwa safi, na risasi ilikuwemo kweli kwenye nywele. Kiwanda kikafungwa, wazazi wakakimbiza watoto hospitali, wengi wakapona. Wa Mwajabu alikwisha kuzikwa.

Mkuu wa maabara akawaita. Nafasi ya kazi kwenye mashine ile ilikuwa moja tu, na wote watatu waliitamani.

"Apewe dada Mwajabu," Zakayo akasema. "Amefiwa."

Mwajabu akainuka. Ilimuuma kusikia hivyo.

"Kazi naitaka, tena sana. Ila msinipe kwa ajili ya kaburi la mwanangu. Kama mikono yangu inatosha, nipeni. Kama haitoshi, mpeni mwenzangu."

Haya, ninyi mnaonisikiliza, kiti cha mkuu nawaachieni: kazi ile mngempa nani, na mngemtazama vipi Mwajabu usoni?