Jini Aliyetolewa Akaitwa

Paukwa.
Pakawa.
Chetezo kinafuka moshi.
Sogeeni, tusikie.

Hapo kale palikuwa na nyumba yenye jini asiye na makuu. Mwenye nyumba aliitwa Bi Mwatime. Mtunza nyumba wake aliitwa Lan, mjane wa Kichina aliyekaa kwetu miaka mingi hata Kiswahili kikamkolea. Ndani mlikuwa pia na mkwe wa Bi Mwatime na mtoto wake mchanga, mjukuu wa pekee.

Mtoto akaanza kukataa ziwa la mama yake. Akishika, anashtuka, anaachia, analia. Akakonda hata mashavu yakabonyea.

Bi Mwatime, kama desturi yake ya kila siku, akatia ubani chetezoni, akasoma dua, akafukiza mpaka mlango wa mbele. Jini akatoka, akimruka tena mtoto, maana kitanda chake kilikuwa njiani kati ya jikoni na mlango:

"Natoka, naingia, naingia, natoka, miguu yangu yauma."

Bi Mwatime akarudi jikoni. Akakuta karatasi nyekundu juu ya meko, na chini yake bakuli la wali lililotiwa asali. Akauliza ni la nani. Lan akasema ni la mzee wa jikoni. Kwao huonjeshwa kitamu ili akienda mbinguni asiwasemee vibaya. Bi Mwatime akamwambia Mungu anaona mwenyewe, hahitaji wa kumpelekea habari. Lan akasema huenda ni kweli, lakini mzee ana njaa.

Wakati huo harufu ya wali ilikwisha kumfikia jini barabarani. Akarudi, akamruka mtoto:

"Natoka, naingia, naingia, natoka, miguu yangu yauma."

Bi Mwatime akawamwagia kuku wali, akafukiza upya. Jini akatoka. Lan akapakua mwingine. Jini akaingia. Wali ukamwagwa tena, ubani ukaongezwa hata Lan akatokwa machozi kwa moshi, naye akafuta macho kwa kanga, akapakua mwingine.

"Natoka, naingia, naingia, natoka, miguu yangu yauma."

Safari hii jini aliketi kizingitini, kizee chembamba chenye miguu iliyovimba.

"Semeni neno moja," akasema. "Huyu ananitoa, huyu ananiita. Na njia ni moja tu, juu ya mtoto."

Bi Mwatime akamgeukia Lan. "Umeuona wali wako?"

"Na ubani wako, bibi?"

"Ubani ni harufu nzuri tu. Ninayemtegemea ni Mungu."

"Na wali ni wali tu. Ninayemhofia ni mtoto."

Bi Mwatime alikuwa na jibu, tena refu. Lakini kilio cha mtoto kilikuwa kimefifia. Akakiweka chetezo chini.

"Basi akae jikoni, ale, asivuke mlango. Mimi nitasoma chumbani. Lakini sikubali."

"Usikubali, bibi," Lan akasema. "Hata mimi sikubali."

Bi Mwatime akamwinua mtoto kifuani, jini akapita, akanyoosha miguu kando ya meko. Mtoto akapewa mama yake, akashika ziwa, akanyonya hata maziwa yakamchuruzika kidevuni.

Wanawake wale walibishana mpaka uzeeni. Ila siku Lan alipougua, Bi Mwatime aliliweka bakuli mwenyewe, akinung'unika kwamba ni wali tu.

Ndiyo maana nasema, mnaomlilia mtoto mmoja msivutane juu ya kitanda chake.

Na wali nani alikuwa akiula? Nilipita asubuhi, nikakuta bakuli tupu na paka analamba ndevu. Sikumuuliza.

Ngano yangu imefika kizingitini. Ikikufaa, ingia nayo. Isipokufaa, iache nje, nitaipitia.