Kamba Mikononi mwa Hasimu

Imepokewa katika habari za waja wema waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba palikuwa na mji katika nchi za ukame ukiitwa Sidriya, na mtawala wake alikuwa Amiri Yaqdhani bin Sahli. Alikuwa mcha Mungu, mwingi wa kufunga, mwepesi wa machozi anaposikia Qur'ani ikisomwa. Lakini msidhani kwamba mcha Mungu haogopi kitu kingine. Huyu aliogopa, na leo nitakusimulieni hofu yake.

Mji ule ulikuwa na mitaa miwili, Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini, na watu wake walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Waligombea maji ya birika, wakavunjiana mitungi, kisha wakapasuana vichwa. Hata msikitini walitoa salamu kulia na kushoto, na jirani asipate hata moja! Basi ikafika siku ya kwanza ya Muharram, mwaka mpya ukaingia, na Amiri akapanda mimbari kuwaambia watu matumaini yake.

"Enyi watu wangu," akasema, "mwaka huu natumaini mambo mawili kwa Mola wangu: tuwe wamoja, na tupate maji. Tutachimba mfereji chini ya ardhi, tuanzie kwenye kile kisima cha kale kilichokauka, na maji yapite mitaa yote miwili. Na nimeweka sharti. Akishuka mchimbaji wa Mtaa wa Juu, kamba yake itashikwa na mtu wa Mtaa wa Chini. Akishuka wa Chini, itashikwa na wa Juu. Hivyo ndivyo tutakavyojifunza kuaminiana."

Maneno matamu, wallahi. Watu wakaitikia amin, wakaenda zao. Asubuhi yake sururu zimepangwa, vikapu vipo, wachimbaji hawaonekani. Siku iliyofuata hali ni ile ile. Muharram ikaisha, na hakuna aliyeteremka hata pima moja.

Amiri akawakusanya watu pale kisimani, akawauliza wanaogopa nini. Wote wakatazama chini. Mwishowe bibi mmoja muuza nyuzi, Ummu Qaysi, asiyejua kumeza neno, akapaza sauti: "Mkuki kwa nguruwe mtamu, Amiri wetu! Wewe ni mzaliwa wa Mtaa wa Chini. Shuka basi, kamba yako ishikwe na mtu wa Mtaa wa Juu, nasi tuone."

Watu wakaguna. Amiri akaona kwamba bibi yule amesema haki. "Nitashuka kesho baada ya sala ya Alfajiri," akasema. "Nani wa Mtaa wa Juu atakayenishika?"

"Mimi," akajibu mtu mmoja, akasimama.

Amiri akamtambua mara moja. Alikuwa Hudhaifa bin Kaabu. Mwaka uliopita mdogo wake Hudhaifa, Wahbu, alishtakiwa kwamba amebomoa birika la Mtaa wa Chini, na Amiri akamtia gerezani. Hudhaifa alikuja mlangoni na shahidi, akaomba asikilizwe. Amiri akamwambia, njoo kesho. Kesho yake akaambiwa tena, njoo kesho. Wahbu akashikwa na homa mle gerezani, akafa, na shahidi hajafungua kinywa.

Amiri alirudi nyumbani. Mkewe, Bibi Rayhana, alikuwa ameshapata habari.

"Bwana wangu, hiyo si kamba, ni kitanzi," akamwambia. "Mtu aliyemzika mdogo wake kwa sababu yako ndiye umkabidhi roho yako?"

"Nimeahidi mbele ya watu, Rayhana."

"Ahadi ni deni, najua. Lakini ukianguka, mjane ni mimi."

Ndipo waziri wake, Jundubu, alipomwendea na hila. "Amiri, kila anayeshuka kisimani huteremshiwa taa ya kandili pembeni yake, kwa kamba ya pili. Funga ukanda mrefu wa ngozi ya ngamia kiunoni, ndani ya joho. Mlinzi wetu ataishika ncha yake huku juu, na watu watadhani ni kamba ya kandili. Hudhaifa akiachia, ukanda utakudaka."

Ilipofika Alfajiri, ndugu zangu, aliufunga. Aliufunga kwa mikono yake mwenyewe, huku akijiambia kwamba mji unamhitaji akiwa hai. Hofu haikosi hoja nzuri.

Wakamkuta Hudhaifa ameshafika kisimani. Kamba ameipitisha kwenye kapi, ameizungusha kiunoni mwake, visigino amevitia kwenye jiwe. Watu wa Juu walisimama upande wao, na wa Chini wao. Amiri akachungulia shimoni. Palikuwa na giza na harufu ya udongo mkavu, na kijiwe kilichoteleza ukingoni kilikawia kabla hakijasikika chini. Akautazama uso wa Hudhaifa, atafute humo huruma au chuki, asione hata moja.

"Sema bismillahi, Amiri," Hudhaifa akamwambia.

Amiri akatia mguu mmoja shimoni. Ule ukanda ukamkaza kiunoni, na hapo akamfikiria mchimbaji atakayeshuka baada yake bila ukanda wowote, kwa kuwa tu ameona Amiri wake ameshuka. Akaurudisha mguu juu.

"Kaogopa!" mtu akapiga kelele, na wengine wakacheka.

Amiri akafungua joho mbele ya watu wote, akaufungua ukanda, akautupa chini. "Naam, naogopa," akasema. "Nimekuja hapa kuwahadaa. Ukanda huu ungenishika mimi, na nyinyi msingekuwa na wa kuwashika. Mnisamehe. Sasa sina ila kamba ya Hudhaifa."

Kicheko kikakatika. Jundubu akaomba, akasihi, asisikilizwe. Amiri akashuka.

Akateremshwa taratibu, mwanga wa juu ukipungua. Aliposhuka kina cha minara miwili, kamba ikasimama. Amiri akaning'inia gizani, hana pa kukanyaga wala pa kushika. Jasho likamtiririka machoni. Kisha ikaja sauti ya Hudhaifa kutoka juu, na kila aliyekuwepo aliisikia.

"Amiri! Wahbu alikuwa na hatia?"

Jibu jepesi lilikuwepo. Angeweza kuwataja walinzi wa gereza. Angeweza kusema homa ni qadari ya Mungu, nani angebisha? Na roho ni tamu, jamani, hasa inaponing'inia kwenye mkono wa anayekuchukia. Amiri akafumba macho.

"Hakuwa na hatia!" akaita kwa nguvu zake zote. "Ulikuja na shahidi, nikakuambia kesho, nikakuambia tena kesho, hata akafa. Nilimdhulumu Wahbu, Hudhaifa! Mimi, si mwingine!"

Ghafla kamba ikaachia, Amiri akaporomoka, akatamka shahada akijua ndiyo ya mwisho. Mara kamba ikakaza, ikamkata pumzi. Akabaki akibembea, kisha akaanza kuteremshwa tena, polepole, hadi nyayo zake zikagusa udongo. Akapiga sururu ya kwanza huku analia.

Walipompandisha, alimkuta Hudhaifa viganja vimechunika, damu inachirizika.

"Nilikuja nimekusudia kukuachia," Hudhaifa akamwambia mbele ya watu. "Na nikakuachia kweli. Kisha nikaona leo umenisikiliza, na aliyesikilizwa hawezi kufanya kama hakusikilizwa. Nikaidaka."

Hakungoja kujibiwa. Akaifungua kamba kiunoni mwa Amiri, akajifunga mwenyewe, akachukua sururu, kisha akaitia ncha ya kamba mikononi mwa Amiri. "Mimi ni mchimbaji wa Mtaa wa Juu. Wewe ni wa Chini. Nishike."

Akashuka. Uzito wa mtu ukamvuta Amiri mabega, na kamba ikawa inamtelezea kwa jasho la viganja. Kikongwe mmoja akajitenga na watu wa Mtaa wa Juu, akaja kusimama kando yake, akiitazama mikono ile bila kupepesa. Alikuwa mama yao Hudhaifa na Wahbu.

"Huyo ndiye aliyenibakia, Amiri," akasema.

Wapokezi wanasema Amiri Yaqdhani alitetemeka pale kuliko alivyotetemeka shimoni. Chini alikuwa akihofia roho yake, na sasa ameshika ya mtoto wa mtu. Watu wa Chini wakamwona, wakaja mmoja mmoja kuikamata kamba nyuma yake, na tangu siku ile wachimbaji wa mitaa yote miwili walishuka kwa zamu, hata maji yakafika mjini kabla ya Ramadhani.

Ndugu zangu, kila mwaka unapoingia tunawaombea viongozi wetu nguvu, maarifa na umri mrefu. Tuwaombee na hofu ile aliyoipata Amiri mbele ya yule mama, na kila mwenye mtu mkononi mwake, hata mmoja, ajiombee mwenyewe. Amin.